Muvi yako imeibiwa? Fanya hivi kabla hujaanza kulia mitandaoni

Kama umepiga muvi yako, iwe ya dakika 20 au siriz ya episodi arobaini, halafu asubuhi shemeji anakutumia meseji "hongera tumeiona jana" na wewe hata hujaiachia, basi hii ni ya kwako. Naandika kwa ajili ya prodyuza mdogo wa Bongo, yule anayelisha kambi kwa hela ya mfukoni na mkopo wa vikoba, sio kampuni yenye wanasheria wa kukaa ofisini. Kazi zangu mimi ziko upande wa usambazaji, kufuatilia nani kaweka wapi na nani kalipwa nini, kwahiyo nitasema kinachofanya kazi na kile ambacho ni kelele tu.

Kwanza kubali kwamba huwezi kumkamata kila mtu. Muvi ikishaingia kwenye simu za watu inarushwa kwa Xender, kwa bluetooth, kwa flashi ya dereva wa basi, hao hutawaweza na hata ukiwaweza hawana cha kukulipa. Unaowatafuta ni wachache sana: aliyeitoa mara ya kwanza, chaneli mbili tatu kubwa ambazo wengine wote wanachota hapo, na lile duka linalowauzia wenye maduka wenzake kwa jumla. Na muda wako wa kupambana ni siku za mwanzo, maana muvi zetu hela inaingia mwanzoni kabisa, ukija kushinda mwakani umeshinda heshima tu.

Karatasi kwanza

Hii sehemu inaboa ila ndo inayoamua kila kitu. Watu wanakimbilia kuripoti, wakifika wanaulizwa swali moja tu, muvi ni ya nani, wanaanza kuangaliana.

Kisheria, hapa Bara tunatumia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, na haki yako inaanza pale kazi inapokuwepo, sio pale unapopewa cheti. Tanzania iko kwenye Mkataba wa Berne, ule wa nchi kulindiana hakimiliki, tangu 1994, ndo maana muvi iliyopigwa Mbagala inalindwa pia Kenya, Uingereza na Marekani bila wewe kwenda kujisajili huko. Lakini sajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya huku Bara, hivyohivyo. Kitu cha kumuonyesha polisi wa zamu saa nne usiku sio nadharia ya Berne, ni cheti chenye jina lako, jina la muvi na muhuri. Kama uko Zanzibar huko kuna sheria yao ya 2003 na ofisi yao ya COSOZA, usije ukapanda boti na makaratasi ukidhani ni ofisi moja.

Na tafadhali usichanganye na Bodi ya Filamu. Bodi inakupa kibali cha kupiga picha na inakagua muvi na kuipa daraja la umri, hiyo ni sheria nyingine kabisa ya mwaka 1976. Nimeona watu wanapeleka kibali cha Bodi kama ushahidi wa umiliki, ni kizuri kuwa nacho kwenye faili lakini hakisemi muvi ni ya nani, kinasema tu imekaguliwa.

Sasa umiliki wenyewe. Kwa muvi, haki za kiuchumi sheria inaziweka kwa prodyuza kama hakuna mkataba unaosema vingine. Shida yetu sisi prodyuza ni nani? Kuna aliyetoa kamera, kuna aliyeandika stori, kuna staa aliyechangia mafuta ya gari siku mbili sasa hivi anajiita eksekyutivu prodyuza, na kuna yule aliyetoa nyumba ya mjomba wake. Muvi ikipata watu wote hao wanakuwa na neno. Andikeni ukurasa mmoja tu kabla ya kuanza kushuti, nani mmiliki, wengine wanalipwa nini na wamemaliza, kila mtu jina kamili, namba ya NIDA, sahihi. Mwandishi wa skripti na aliyetengeneza muziki nao uwe na karatasi yao pembeni, maana kuhamisha haki ya mtu kwa mdomo haitoshi, sheria inataka maandishi.

Na mkataba wa kuuza ndo balaa zaidi. Mtu ana madeni ya kambi, anakuja mwenye chaneli na hela mkononi, anaandika "nimeuza muvi hii moja kwa moja" mstari mmoja kwenye karatasi ya daftari, kisha miezi mitatu baadae anaiona TV, anaiona kwenye apu ya watu, anaanza kusema ameibiwa. Ndugu, hujaibiwa, umeuza. Ukiuza taja unauza wapi (YouTube tu? TV? apu gani?), kwa muda gani, nchi gani, na kama mnunuzi anaruhusiwa kumuuzia mwingine au kukata vipande. Ambacho hujakitaja sema kwa maneno kwamba kinabaki kwako.

Halafu muziki. Ukichukua biti ya mtu YouTube ukaweka kwenye muvi, siku unapandisha muvi, mfumo wa YouTube unaitambua biti ya mwenyewe na matangazo yanaanza kumlipa yeye. Huwezi kumfukuza mwizi huku umebeba cha mwenzio. (Na studio zetu nyingi programu ya kueditia yenyewe imekrakiwa, ila leo tusigombane kwa hilo.)

Weka folda moja, ihifadhi sehemu mbili tofauti, iwe na picha zote ghafi kama zilivyotoka kwenye kamera, projekti ya edita, skripti zenye tarehe, mikataba, meseji za malipo ya wasanii kwenye simu, na picha za location. Picha ghafi ndo kila kitu. Mwizi anaweza kuwa na muvi nzima lakini hawezi kuwa na ile teki ya tatu ambayo kuku alipita katikati ya dayalogi.

Inavujia wapi

Mara nyingi haivujii mbali. Inavujia kwa edita mwenye msaidizi, kwa msanii aliyeomba "nitumie niangalie sini zangu tu", kwa anayeweka sabtaito, kwa mtu wa TV aliyepewa nakala ya kuangalia kabla ya kununua. Kwahiyo usitoe nakala moja kwa wote. Kila anayepewa mpe yake, na kila moja ina jina lake limekatiza kwenye picha kwa maandishi hafifu, na zaidi ya hapo weka alama ndogo ya siri, kwa mfano kwa huyu kata sekunde moja kwenye sini ya jikoni, kwa yule badilisha rangi ya jina mwishoni. Mwizi atalifuta jina kubwa, hiyo ndogo hataijua. Ikivuja unafungua faili, unaangalia jikoni, unajua ni nani bila kwenda kwa mganga.

Ukituma kwa Google Drive funga isiwe "yeyote mwenye linki", weka barua pepe za watu kwa majina na uzime kudownlodi. Bado anaweza kurekodi skrini, sawa, lakini umemchosha. WhatsApp usitume kabisa. Ukishatuma muvi WhatsApp hiyo sio tena nakala ya kuangalia, hiyo umeiachia.

Siku imevuja

Usiposti. Najua inauma na unataka dunia ijue, ila ukiandika "jamani muvi yangu imevujishwa iko Telegram chaneli fulani" umewapelekea wateja, watu elfu wanaenda kuitafuta wakiwa na nia ya kukuonea huruma wanaishia kuidownlodi. Na usimuandikie mwizi matusi inbox, atafuta kila kitu kabla hujakusanya ushahidi au atabadilisha jina la chaneli.

Kusanya kwanza. Skrinishoti inayoonyesha linki yote, jina la akaunti, tarehe, idadi ya waliotazama, na kama anauza basi na bei na namba ya malipo. Linki nakili kama maandishi, sio picha tu, maana fomu zote zinataka linki. Rekodi skrini ukiwa unaifungua muvi inacheza ionekane ni yenyewe. Yote andika kwenye jedwali moja la kawaida: tarehe, linki, nani, umeripoti lini, wamejibu nini. Utalihitaji, amini, kwasababu siku ya tatu utakuwa umechanganya kila kitu.

Kutafuta usitafute kwa jina la muvi tu. Wezi wa kwetu wanabadilisha jina, utakuta imeitwa "MKE WANGU KANIUA ful muvi mpya" na picha ya juu ni ya waigizaji ambao hata hawamo. Tafuta kwa majina ya mastaa, kwa sentensi moja iliyokaa kichwani kwenye dayalogi, kwa neno "sehemu ya 1". Wanageuza picha kama kwenye kioo ili kulia kuwe kushoto, wanaongeza spidi kidogo, wanaweka fremu ya maua pembeni, yote hiyo ni kukimbia mashine inayofananisha video.

YouTube

Huku ndo kuna hela na ndo kuna utaratibu unaoeleweka, kwahiyo anzia huku. Kanuni ya dhahabu ni kuwa wa kwanza kupandisha kwenye chaneli yako mwenyewe. Kuna kifaa chao kinaitwa Copyright Match Tool kinachokuonyesha video zinazofanana na yako zilizopandishwa baada yako, kinapatikana kwa walio kwenye mpango wa kulipwa na YouTube na kwa waliowahi kutuma ombi halali la kushusha video. Kinakamata muvi nzima au karibu nzima, vipande vifupi kinaviacha. Content ID, mfumo wa YouTube unaofananisha wenyewe kila video inayopandishwa na kazi za wamiliki, ni kitu kikubwa zaidi, hicho wanapewa makampuni yenye mzigo mkubwa wa kazi, prodyuza wa muvi tatu hapewi, ila baadhi ya kampuni za usambazaji wanacho na wanaweza kukuwekea kwa asilimia. Soma asilimia hiyo vizuri.

Ukiona yako, jaza fomu yao ya hakimiliki. Inataka jina lako halisi, na jina la mmiliki utakaloandika litaonekana pale video ilipokuwa, kwahiyo kama unaogopa kujulikana tumia jina la kampuni yako. Unaweza kuomba ishushwe palepale au umpe mtu siku 7 aishushe mwenyewe. Hiyo ya siku 7 ni ya kiungwana, akiishusha hapati straiki (alama ya kosa kwenye chaneli), na mimi naipenda kwa vijana wadogo wenye chaneli za mashabiki, wengi hawajui hata kama ni kosa. Kwa lile li-chaneli linaloishi kwa kuiba, lenye muvi za watu mia mbili, shusha palepale, straiki 3 ndani ya siku 90 chaneli inaweza kufungwa, na ukishirikiana na maprodyuza wenzio wawili kila mmoja akaripoti ya kwake huyo hamalizi wiki. Weka tiki pia pale wanapokuuliza kama nakala nyingine zizuiwe zisipande.

Anaweza kukujibu kwa pingamizi, akasema ni yake au alinunua. Hapo saa inaanza kukuhesabia wewe, una siku 10 za kazi kuonyesha umefungua kesi, usipofanya video inaweza kurudi. Utaratibu huo unatoka kwenye sheria ya Marekani ya 1998 inayoitwa DMCA. Wengi wanaotishia pingamizi hawalitumi, maana linawalazimisha kuandika jina na anuani zao za kweli, lakini kama kweli ulimuuzia kwa ile karatasi ya daftari atalituma na atashinda. Umeona nilivyokwambia karatasi.

Na usipige straiki kila kitu. Anayesimulia muvi yako kwa dakika nane akiikosoa, akionyesha vipande, kuna ruhusa kisheria ya kunukuu kazi ya mtu kwa kiasi kinachostahili, na ripoti ya uongo inaweza kukurudia wewe. Achana naye, hata akikusema vibaya. Hasa akikusema vibaya, maana watu wanakuja kuhakikisha.

Telegram na wengine

Telegram, kwa chaneli za wazi na boti (akaunti zinazojiendesha zenyewe) wanapokea malalamiko ya mmiliki kwa dmca@telegram.org. Andika Kiingereza chepesi, weka linki ya posti yenyewe na sio ya chaneli tu, ambatisha cheti. Itashushwa, atapandisha tena, utaripoti tena. Huku usitegemee ushindi, tegemea kuwachosha mpaka wahamie kwenye muvi ya mtu asiyeripoti, ndo ukweli wenyewe.

Facebook na TikTok wana fomu zao za hakimiliki ndani ya apu, kule wanaikata muvi vipande thelathini, kila kipande kina linki yake na kila linki inaripotiwa, kazi ya kijana mmoja na bando la siku. Google nako unaweza kuomba linki iondolewe kwenye matokeo ya kutafuta, faili linabaki kule lilipo ila halionekani kirahisi.

Kama ni tovuti au mtoa huduma wa hapahapa nchini, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 45 kinakupa nafasi ya kumtumia taarifa ya kuondoa. Iwe na jina, anuani, sahihi, haki iliyovunjwa, mahali kitu kilipo, unachotaka kifanyike, na tamko kwamba unasema kweli. Kitu kama hiki kinatosha:

"Kwa wahusika wa (tovuti). Mimi (jina kamili), wa (anuani), ni mmiliki wa haki za filamu (jina), ya mwaka (…), cheti cha COSOTA namba (…). Filamu hiyo imewekwa kwenye tovuti yenu bila ruhusa yangu kwenye linki zifuatazo: (…). Hii ni kuvunja haki yangu ya kunakili na kusambaza. Naomba iondolewe mara moja. Naamini kwa nia njema kwamba matumizi haya hayana ruhusa yangu wala ya sheria, na maelezo haya ni ya kweli. Simu, barua pepe, sahihi, tarehe."

Sheria hiyohiyo kifungu cha 24 inafanya kuvunja haki hizi kwa kutumia kompyuta kuwa kosa la jinai, na adhabu inapanda kama mtu anafanya biashara. Ukiwa na mwizi anayeuza vifurushi vya Telegram kwa malipo ya simu, huyo ndo kifungu chake.

Maduka ya flashi

Zamani ilikuwa DVD, na mwaka 2013 TRA wakaleta stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu, isiyo na stempu ikawa rahisi kuijua. DVD zikafa, stempu nayo ikafa nazo, sasa hivi mzigo wote uko kwenye kompyuta moja na spika mbili. Mteja anatoa flashi, dogo anaichomeka, anafungua folda: BONGO MPYA, KIKOREA, KIHINDI, ZILIZOTAFSIRIWA, KATUNI. "Unataka ngapi bro?" Mia tano muvi, siriz nzima buku au mbili, anakopi huku anachati.

Usiende na mabaunsa. Usiende kupindua meza na kurekodi laivu, utageuka wewe mshtakiwa na yeye ataonewa huruma. Nenda kama mteja. Nenda na mtu wa pili ambaye atakuwa shahidi, mmevaa kawaida, na flashi mpya iliyo tupu. Nunua muvi yako na zingine mbili za watu, isionekane unatafuta moja. Lipa kwa lipa namba, hii watu hawaifikirii, maana meseji ya muamala inakuja na jina la biashara, kiasi, tarehe na saa, yaani mwizi amekuandikia risiti mwenyewe. Ukitoka piga picha ya duka kwa nje, bango lake, duka la jirani, kisha flashi usiichomeke popote, iweke kwenye bahasha, funga kwa gundi, muandike wote wawili majina na saa juu ya pale palipofungwa.

Nunua na nakala ya pili ya kuchezea nyumbani. Hiyo fungua uangalie jina la faili. Mara nyingi wavivu hawa wanaacha jina la chaneli ya Telegram walikodownlodi, au nembo ya mtu kwenye kona ya picha, na saizi ya faili unaweza kuifananisha na zile ulizokuta mtandaoni. Ukipita maduka manne mitaa tofauti ukakuta faili ni lilelile kwa saizi ileile na jina lilelile, umeshajua wote wanachota kwa mtu mmoja, na huyo mmoja ndo wa kumpelekea COSOTA.

COSOTA unaenda na barua ya malalamiko, cheti, bahasha, jedwali lako na jina la shahidi. Ukaguzi unafanywa na maofisa wao pamoja na polisi, wewe kazi yako ni kutambua kazi yako, sio kubeba kompyuta ya mtu. Ukiwapelekea "Kariakoo wananiibia" hawana cha kufanya, Kariakoo ni kubwa, wasanii waliandamana palepale Aprili 2017 kupinga muvi za nje zisizolipiwa kodi, na biashara ya kukopi haikufa. Ukiwapelekea duka, mtaa, jina kwenye lipa namba na flashi iliyofungwa, umewapa kazi ya nusu siku.

Mabasi na vibanda umiza

Umepanda basi la Mwanza, mmefika Gairo, konda anaweka muvi yako kwenye TV ya mbele. Hilo nalo ni kuonyesha hadharani na linahitaji ruhusa, sawa na kibanda umiza kinachotoza kiingilio. Lakini hapa mimi nisingeenda na polisi. Kampuni ya mabasi ina ofisi, ina meneja, ina akaunti ya benki, waandikie barua ya kistaarabu wakulipe kwa mwaka muvi zako zote ziwe halali kwenye magari yao. Wengine watakuchunia, wengine watalipa kidogo, kidogo hicho ni zaidi ya straiki kumi za Telegram.

Ikifika mahakamani

Njia ni mbili. Jinai, ambapo Jamhuri inashtaki na mwizi anaweza kufungwa au kupigwa faini, ila faini haiingii mfukoni kwako. Na madai, ambapo wewe unadai fidia, unaomba zuio, unaomba nakala zikamatwe. Madai ni ya kufungua ukiwa na mtu mwenye uwezo wa kulipa, kampuni, kituo, apu. Wengi mnaikumbuka ile ya 2016, AY na Mwana FA dhidi ya kampuni ya simu iliyotumia nyimbo zao, Mahakama ya Wilaya ya Ilala ikaamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2. Vichwa vya habari viliishia hapo lakini kesi iliendelea kwa rufaa huko juu, na wale ni mastaa wenye mawakili. Kwahiyo kabla ya kufungua, barua ya wakili ya kudai na siku 14 za kujibu, zinamaliza mengi kwa bei ya wakili mmoja.

Kama mwizi yuko Kenya, huko ofisi ya hakimiliki ni KECOBO, sheria yao ya 2001 ilirekebishwa 2019 na kuweka utaratibu wa taarifa ya kuondoa ambapo mtoa huduma ana saa 48 za kazi. Ukikuta muvi yako imewekewa sauti ya mtu anaitafsiri kwa Kiganda au Kinyarwanda, hiyo nayo inahitaji ruhusa yako, ila angalia kwanza ina watazamaji wangapi, pengine umepata soko ambalo hukulijua.

Na duka je, lile la jumla? Baada ya ukaguzi wengi wao wanataka yaishe. Ukikubali, usikubali kwa mdomo pale nje ya kituo cha polisi. Aandike amechukua kutoka wapi, ameuza kwa nani, alipe kitu, na kama jamaa ana wateja kweli mpe leseni, muvi mpya anaipata siku ileile unayoachia YouTube, anakulipa kiasi kwa mwezi, akiuza ya wizi mkataba umekufa na yale maelezo yake ya zamani unayo. Asaini na namba ya NIDA, na hela ipite kwenye simu, sio mkononi.